Mkia wa mbuzi: niliyowaambia wapishi wenzangu Tabata

Wengi mlichelewa Jumamosi kwa sababu ya mvua na foleni, na wengine mmenipigia mnataka rekodi ambayo haipo, kwa hiyo nimekaa nimeandika nilichoongea. Sijakinyoosha sana. Nilipokatizwa nimeandika nilikatizwa.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu mambo? Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao salamu yenu sijaitaja habari za mchana. Niliambiwa niongelee usalama wa chakula ila nikaona hiyo kila semina tunapewa, nawa mikono, funika chakula, vaa kofia, mnaijua kuliko mimi. Mi nataka kitu kingine ambacho kinanikera miaka yote niliyopika shughuli hapa mjini, nacho ni hiki, mgeni akikaa mezani akaona bakuli la nyama, anajuaje ni nyama ya nini? Anajua kwa sababu sisi tumemwambia. Basi. Na mwishoni nina la kuungama, kwa hiyo wenye haraka ya daladala jamani vumilieni.

Nianzie Buguruni. Baba alikuwa na bucha pale, sio kubwa, meza moja, gogo moja, mzani wa mawe na ndoano nne. Ng'ombe alikuwa anakuja vipande kutoka machinjioni Vingunguti na muhuri wa mkaguzi ubavuni, ila mbuzi alikuja mzima na ananing'inizwa mbele kabisa, anayepita njia amuone. Na yule mbuzi amechunwa kila mahali isipokuwa mkia. Mkia una manyoya yake yote, umekaa pale kama brashi ya rangi. Mi mtoto wa miaka minane hivi, nikaona baba kafanya uvivu, nikachukua kisu niumalizie. Akanidaka mkono. Akasema, "Huyu akishachunwa hana uso tena, mkia ndo unamsemea."

Sikuelewa mpaka nilipokaa pale nikaangalia wateja. Mteja anaingia, hata hajasalimia vizuri, anatupa jicho kwenye mkia, afu ndo anasema nipimie kilo na nusu. Mbuzi mkia wake mfupi, unaelekea juu. Kondoo wetu wa huku mkia wake unaning'inia na una mafuta, hata gizani ukipapasa unajua. Na mtaani kwetu hilo halikuwa jambo dogo, maana kulikuwa na jirani ambaye kondoo kwao ni mwiko wa ukoo, kulikuwa na mzee anayesema kondoo anamuumiza kichwa, na kulikuwa na mama anayetaka mbuzi kwa sababu tu anataka mbuzi. Hakuna aliyeulizwa sababu. Mkia uliwatosha wote watatu.

Ile ndo lebo, kabla ya mashine ya kuchapa stika. Na ukiangalia vizuri karibu kila mnyama anayo ya kwake. Ukienda Feri asubuhi samaki yuko mzima, mteja anamgeuza anamkwaruza. Msabato anatafuta magamba, hakuna magamba hali, kwa hiyo kambare hapana, pweza hapana, kamba hapana. Khoja Ithnaasheri wa Upanga, Mwislamu wa Kishia, naye anatafuta magamba, papa hapana, pweza hapana, ila kamba yeye anakula. Watu wa dini mbili tofauti kabisa, hawajawahi kukaa kikao kimoja, na wanamkwaruza samaki yule yule kwa ukucha mahali pale pale. Mi hii kitu huwa inanichekesha na pia inanigusa.

Na kuku. Kuku wa kienyeji ana mdomo wake kamili, umechongoka, anachokonoa nao ardhi siku nzima. Kuku wa mayai wa bandani wengi wanakatwa ncha ya mdomo wakiwa wadogo ili wasidonoane, kwa hiyo akizeeka, ametaga mwaka na zaidi na mayai yamepungua, mfugaji anamuuza nyama na mdomo wake butu. Sasa wewe unayenunua kuku wa kienyeji ameshachinjwa na kunyonyolewa, kaletwa kwenye ndoo na hana kichwa, swali la kwanza sio bei. Swali la kwanza ni kichwa kiko wapi.

(Hapo watu walicheka, na dada mmoja wa Shekilango akasema "mama unatuharibia biashara", nikamwambia subiri sijafika kwenye yangu.)

Shida inaanza pale tunapowasha mashine ya kusagia. Ukishasaga, mkia hauna kazi. Ukishatoa minofu ya samaki ukavua ngozi, sangara, kambare, papa, vyote ni vipande vyeupe. Ukishatengeneza soseji, kababu, nyama ya sambusa, mnyama amepotea kabisa na kilichobaki ni neno la mtu. Ama la mdomoni ama lililochapishwa kwenye paketi, lakini ni neno.

Nawapa kisa cha mbali kidogo. Januari 2013, huko Ireland, mamlaka yao ya usalama wa chakula ilipima baga 27 za ng'ombe zilizokuwa zinauzwa supamaketi. Baga 10 zikakutwa na vinasaba vya farasi. Baga 23 zikakutwa na vinasaba vya nguruwe. (Ukumbi uliguna, nikasema tulieni kwanza.) Moja iliyokuwa inauzwa Tesco, farasi alikuwa kama asilimia 29 ya nyama iliyomo. Mwezi uliofuata Uingereza nao wakapima lazanya za Findus zilizoandikwa ng'ombe, lazanya ni yale matambi mapana yanapangwa na nyama ya kusaga katikati, wakapima 18 na 11 zikawa na farasi kuanzia asilimia 60 mpaka 100. Mia kwa mia! Yaani humo ng'ombe hakupita hata kwa bahati mbaya.

Walipofuatilia wakakuta nyama ilitoka machinjio za Romania, na wenyewe kule wakasema sisi tumeuza farasi na tumeandika farasi, tuacheni. Ikapita kwa dalali wa Kiholanzi mwenye kampuni iliyosajiliwa Cyprus, ikaingia kampuni ya nyama Ufaransa, ikaenda kupikwa kiwandani Luxembourg, ikagandishwa, ikapelekwa madukani Uingereza. Humo katikati farasi akawa ng'ombe. Kwa nini? Sababu ambayo kila mtu aliyewahi kwenda sokoni anaijua, farasi alikuwa bei chee na ng'ombe bei juu, na aliyeshika karatasi akaona tofauti ile ni yake. Na angalieni ilikuwa kwenye nini. Baga. Lazanya. Vya kusaga vyote. Hakuna aliyethubutu kuuza paja zima la farasi akasema hili la ng'ombe, maana paja linajisemea.

Sasa kijana mmoja anayechoma mishkaki pale Tabata, simtaji, akanyoosha mkono. Akasema, "Mama samahani, hao waliokula walikufa?" Nikamwambia hapana. Kulikuwa na wasiwasi wa dawa moja ya maumivu wanayopewa farasi ambayo hairuhusiwi kwa mnyama wa kuliwa, lakini wakubwa wa afya Uingereza walisema hatari kwa mlaji ni ndogo sana. Akasema, "Basi shida iko wapi? Mtu ameshiba, hajaumwa, nyama ni nyama." Na nusu ya ukumbi wakatikisa kichwa kama wanamkubali, nisiwafiche.

Hapo niliacha karatasi yangu nikaongea bila mpangilio, kwa hiyo naandika ninavyokumbuka.

Nilimuuliza, wewe ukialikwa kwangu nikakupa mchuzi, ukala, ukashiba, ukasifia, afu nikakwambia ile ilikuwa nyama ya mbwa, safi kabisa, imekaguliwa, utafanyaje? Akasema, "Mama nitakupiga." (Kicheko.) Nikamwambia unipige kwa nini, na hujaumwa? Akanyamaza. Sasa kile alichotaka kunipigia ndo mada yangu ya leo. Tumbo lake lingekuwa zima. Ila kuna mlango ambao ni wake peke yake, wa nini kiingie mwilini mwake, na mimi nimepita pale usiku bila hodi.

Na mnielewe, sisemi mbwa ni mchafu au farasi ni mchafu. Ufaransa hapo jirani tu na Uingereza kuna bucha za farasi kabisa, na zamani waliweka kichwa cha farasi cha dhahabu juu ya mlango, yaani mkia wao, wao waliuweka mlangoni. Mfaransa anaingia anajua. Mwingereza yeye farasi anampanda, anampa jina, mtoto wake anamwekea picha ukutani, kwa hiyo kumla ni kama kula jamaa. Nani kati yao yuko sahihi? Mi sijui na wala hainihusu sana. Nikianza kupanga wanyama, huyu ana akili asiliwe, huyu mjinga aliwe, nitakwama, maana nguruwe ana akili kuliko wengi na anachomwa Sinza kila Ijumaa, na ng'ombe ukimtazama machoni pale mnadani Pugu jioni, amesafiri kwenye lori kutoka Shinyanga au Singida, anakuangalia, aisee, siku nyingine unarudi nyumbani unakula maharage.

Mama yangu ni Mmakua wa Masasi. Kule kuna panya wa shambani, wanaitwa samaki nchanga, anabanikwa, anakauka vizuri, analiwa na ugali na watu wazima wenye heshima zao. Mi nimekula utotoni na nilipenda. Nikija kusimulia hapa Dar watu wanaziba pua. Mhaya akileta senene kwenye kopo kila mtu anachota, Mmakua akileta wa kwake wanahama meza, na wote ni wadudu na wanyama wa Mungu. Kwa hiyo mtu asinidhanie nimekuja hapa kutetea miiko fulani, kila mtu ana kwao. Ninachotetea ni yule Mhaya ajue ni senene na yule mwingine ajue ni panya.

Ingawa lazima niseme kuna wawili mimi kwa mkono wangu sipiki hata unipe hela gani. Kasa, kwanza anazuiwa na sheria, pili anaua, Machi 2024 kule kisiwa cha Panza Pemba walikufa watoto 8 na mama mmoja kwa nyama ya kasa, na sumu yake huijui kwa macho wala haitoki kwa kupika sana. Na punda. Punda ni kwa sababu zangu tu, bibi yangu mzaa baba maji yake ya miaka yote aliletewa na punda, na nilifurahi sana Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ile ngozi inachemshwa huko China inatolewa gundi ya dawa. Basi, nimepita.

Turudi kwenye majina maana hapa ndo penye utamu. "Samaki nchanga" ni jina la kuficha, nani atakataa samaki. "Mbuzi katoliki", yaani nguruwe, hivo hivo. "Kitimoto" wanasema lilitoka kwenye kipindi cha televisheni cha zamani ambacho mtu anakalishwa kiti cha moto anaulizwa maswali, watu wakalichukua wakalipa nguruwe ili waweze kulitamka mbele za watu. Majina yote hayo yalianza kama pazia. Lakini oneni kitu cha ajabu, leo hapa Dar es Salaam nyama iliyoandikwa kwa ukweli kuliko zote ni kitimoto. Ina kibanda chake, ina kibao chake, kikaango chake, mtaa mzima unajua, hakuna mtu amewahi kula kitimoto hapa mjini kwa kupotea njia. Pazia likageuka bango. Ninyi mnaouza kuku "wa kienyeji" mkija kwa wauza kitimoto kuna la kujifunza, samahani kwa wanaokwazika.

Kuna mzee pale mbele, shehe, akasema vizuri sana kwamba mkia unasema mbuzi, lakini mkia hausemi nani kachinja na kasema nini wakati anachinja. Nikamshukuru maana nilikuwa nakwenda huko. Februari 2013 ile ile, Wazungu wanalia na farasi wao, Uingereza ilibainika kuwa chakula cha halali kilichopelekwa magerezani kilikuwa na chembe za vinasaba vya nguruwe. Fikiria mfungwa. Huyo hana bucha nyingine ya kwenda. Na mwezi huo huo hapa kwetu, Buseresere, Geita, watu waligombana kuhusu nani achinje nyama ya kuuzwa, mpaka mchungaji mmoja akauawa. Sitaki kufukua kidonda cha watu, ila mtu asije akaniambia tena nyama ni nyama. Watu wamekufa, na mnyama mwenyewe hakuwa na ubishi, ubishi ulikuwa kwenye mkono ulioshika kisu, kitu ambacho ukiila ile nyama huwezi kukionja hata ulimi wako uwe wa namna gani.

Kwa hiyo kuna vitu mwili wa mnyama unasema wenyewe, na kuna vitu lazima mtu aseme. Vile vya kusemwa na mtu ndo vinataka karatasi, na karatasi inataka anayeilinda. Halali ya karatasi wanatoa BAKWATA, na nyie mnajua kama mi ninavyojua kwamba stika ya neno halali unaweza kuchapisha Kariakoo rola nzima saa sita mchana na saa nane umeshabandika. Ukiona stika uliza namba na cheti. Mwenye nacho hakasiriki. Kama nyamapori tu, siku hizi mabucha yake yanaruhusiwa, kanuni zipo tangu 2020, mwenye kibali anakuonesha kibali, anayekuletea swala kwenye kiroba saa tano usiku hana cha kukuonesha.

Vya paketi nitavipitia haraka maana muda unanitupa mkono. Chakula kipo chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA, kwa hiyo malalamiko ya lebo peleka kule. Ile namba 620 mwanzoni mwa mistari ya barkodi watu wanasema ni uhakika kwamba bidhaa imetengenezwa Tanzania, sio kweli, inaonesha tu namba imesajiliwa hapa, nyama ya ndani inaweza kuwa imetoka popote. Na zile E, namba za vitu vinavyoongezwa kwenye chakula. E120 ni rangi nyekundu inayotoka kwa mdudu. E471 ni mafuta ambayo yanaweza kuwa ya mmea na yanaweza kuwa ya mnyama, na paketi mara nyingi haisemi. Jeletini, wanaiandika pia E441, inatoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe, ipo kwenye pipi laini za watoto, kwenye jeli, kwenye mtindi mwingine, mpaka kwenye vidonge vile vya ganda. Mimi nilipika bethidei ya mtoto Kisutu, familia ni Wajaini, hawali nyama, hawali yai, hawali hata kitunguu wala kiazi kwa sababu kinang'olewa na mizizi, nikajisifu nimepika kila kitu safi sufuria mpya mafuta mapya, afu mezani nikamwaga bakuli la pipi laini kwa watoto. Bibi yao akachukua paketi kutoka kwenye ndoo ya taka, akavaa miwani, akasoma. Hakusema neno. Alikusanya pipi moja moja kutoka kwenye vile vikono, na mmoja alikuwa ameshameza.

Tangu siku hiyo nasoma paketi. Nikiwa na haraka nasoma, nisipokuwa na miwani nampa binti anisomee. Na mafuta, jamani mafuta, ukikaangia samaki usikaangie chipsi za mtu asiyekula samaki afu ukasema ni viazi tu. Kisu kimoja, ubao mmoja, kitimoto asubuhi na kachumbari jioni, hapana. Hapo hata huhitaji sheria, unahitaji ubao wa pili.

Haya, la kuungama.

Miaka kadhaa nyuma nilipewa harusi, familia ya hapa hapa, mama wa bibi harusi alinipigia mara tatu kusisitiza anataka kuku wa kienyeji, sio chotara, sio wa mayai, kienyeji, baba yake mzazi anatoka Singida na amezoea kuku wa kwao. Tukakubaliana kuku 60. Mimi nina mtu wangu wa kuniletea, akaniletea 35, ikafika usiku wa kuamkia shughuli hana wengine, akaniambia mama nina wa kwenye ndoo 25, wameshanyonyolewa, elfu kumi na mbili mmoja badala ya elfu ishirini na mbili. Nikafunua ndoo. Hawana vichwa.

Mi mtoto wa bucha. Nilijua pale pale. Nikawachukua, nikawachemsha muda mrefu na tangawizi na limau, nikawachanganya, nikaweka wenzao juu na wao chini, na pale mezani binti yangu akasimamisha kadi nzuri imeandikwa kwa dhahabu, kuku wa kienyeji. Tofauti ikawa laki mbili na nusu. Sikurudisha. Nilijiambia yale mnayojiambia, wageni wameshiba, hakuna aliyelalamika, kuku ni kuku. Yaani neno lile lile la huyu kijana wa mishkaki, ndo maana sikumkasirikia, lile neno nalijua limekaa vipi mdomoni.

Lilinikaa kama mfupa wa samaki kooni. Mwaka ukapita, wa pili. Kilichonisukuma sio uchaji, niwe mkweli, ni kwamba mtu wa soseji aliniuzia mzigo umeandikwa ng'ombe na nikaja kugundua umechanganywa kuku zaidi ya nusu, nikaenda kumgombeza mpaka mishipa ya shingo, na yeye akaniangalia tu akasema, "Mama, watu walilalamika?" Nikarudi nyumbani nimenywea. Wiki ile ile nikaweka laki mbili na nusu kwenye bahasha nikapanda bajaji kwenda kwa yule mama wa harusi.

Nilimkuta anachambua mchele barazani. Nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote, ndoo, vichwa, kadi ya dhahabu. Alikuwa anaendelea kuchambua tu, anatoa mawe anatupa pembeni. Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Baba aligusa mfupa akauweka pembeni ya sahani, hakutaka kuniaibisha mbele ya wakwe." Nikamuuliza mama, kwa nini hukunipigia? Akasema, "Nikupigie nikwambie nini, wakati kadi uliandika mwenyewe?" Halafu akaniambia mzee alishafariki mwaka uliotangulia, mwezi wa nne.

Akachukua bahasha, akahesabu noti zote mbele yangu, mbili mbili, akazifunga kwenye kanga, akaniuliza kama nimekula.